Jiko Lisilo na Moshi

"Hapa jikoni halikai," mama mwenye nyumba alimwambia mkwewe, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Nilikuwa nimewaletea, kijijini kwao Mchombe, jiko la kuchoma vidonge vya pumba za mpunga.

"Mama, halina moshi. Macho yako yatapumzika."

"Na mahindi yangu ya mbegu pale juu ya mafiga? Bila moshi yataliwa na wadudu."

Mimi sipendi kuzungushwa. Nikasema aamue mmoja. Mkwe akacheka, akaliburuta jiko hadi barazani. Mama akalifuata na kigoda chake, akakaa karibu kabisa.

"Sisi tutapikia hapa," akasema. "Mafiga yabaki ya mbegu."

Sawa, mahindi yamepata haki yao. Mimi niliyelibeba jiko kutoka Ifakara niliahidiwa wali kwa kambale, na hadi naondoka hakuna aliyeinjika sufuria. Nautaka wali wangu.