Uvungu wa Kihenge

Mvua ya juzi imenilaza kifudifudi tena, mwenzangu. Hapa Malangali nina stoo yenye sakafu ya mbao, imeinuliwa juu ya mawe, na chini yake pana uvungu wa kuingia mtu akitambaa. Maji yalijaa humo. Nimeshinda na kopo na tambara nikitoa tope, na ile harufu ya udongo uliovunda ikanirudisha kwetu, upande wa Mwimbi, nikiwa na miaka kama tisa.

Kihenge cha bibi cha kuwekea nafaka kilikaa juu ya mawe manne, kimesukwa kwa fito na kukandikwa udongo. Uvungu wake waliuweza kuku na mimi tu, kwa wembamba wangu. Mwaka ule ndani ilibaki mbegu ya ulezi peke yake. Cha kula kilikuwa kimekwisha, tunaponea maharage machache na mboga za porini, lakini bibi hakuruhusu mkono wa mtu uguse ile mbegu.

Maji yaliyojaa uvunguni mwake hayakuja yenyewe. Mwenyekiti wa kijiji, aliyepakana na sisi kwa juu, alichimba mfereji kupeleka maji kwenye shimo lake la kufyatulia matofali. Mvua ya upepo ikapiga siku mbili, shimo likajaa, likatapika kwetu. Namtaja yeye wa kwanza. Bibi alipomwendea, alijibiwa kwamba mvua ni ya Mungu, akaseme kanisani.

Basi tukaanza kazi. Mimi ndani, tumbo kwenye tope, nachota kwa kata ya kibuyu. Bibi nje anapokea na kumwaga. Tope lilipokwisha tukatandaza majivu makavu. Yakilowa nayazoa, tunatandaza mengine. Akang'oa nyasi zote kandokando ili upepo upite chini, na upepo wa Ufipa unaujua, haubembelezi mtu. Alisema itachukua wiki nzima.

"Moto usiusogeze hapo, mjukuu wangu," aliniambia. "Mbegu iko hai humo ndani."

Jumapili bibi akaenda misa. Baba mdogo alikuwa amekuja kusaidia, ila ana haraka ya kurudi Sumbawanga mjini. Akasema kungoja upepo ni kazi ya wazee. Akatia makaa machache kwenye chungu kilichovunjika shingo, akakisukuma uvunguni, akaniagiza yakififia niyaache. Akashika njia. Namtaja yeye wa pili.

Tukapanda. Mashamba ya wenzetu yakawa kijani, letu likabaki udongo mtupu. Bibi akachukua punje alizobakiza, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, kila asubuhi anafungua kutazama. Siku ya tano akakikung'uta kitambaa nje, kuku wakala. Mwenyekiti akapita njiani na watu wake.

"Wenzako wamepanda mbegu, bibi," akasema. "Wewe umepanda bisi."

Wakacheka. Tangu siku ile tukaitwa watu wa bisi, hata kisimani. Wa kutugawia mbegu nyingine hakuwepo, na mvua ya kupandia ilishapita. Wajukuu tulikuwa wanne. Mavuno yaliyofuata yalitukuta watatu. Kitinda mimba wetu alizikwa nyuma ya nyumba, na uji wa ulezi alikuwa akiuomba mpaka sauti ikamkatika.

Bibi aliniuliza mara moja tu, nani aliwasha moto. Nikamjibu, "Ni baba mdogo, bibi." Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua mboga.

Kile kihenge hakipo sasa. Mawe yake yamejengewa msingi wa nyumba ya mtu, mahindi yanakaa kwenye magunia na dawa. Mwenyekiti alikufa, baba mdogo naye. Nimewasema hao wawili miaka yote, popote nilipoketi na watu.

Leo binti yangu kaniambia, "Mama, si tuingize jiko la mkaa, kesho pawe pakavu?" Nikamkatalia kwa ukali mpaka akashangaa. Nikabandua mbao mbili, upepo upite.

Sikumweleza. Asubuhi ile ya misa kulikuwa na baridi, na mle uvunguni kukawa na joto tamu. Makaa yalipofifia sikuyaacha. Nilitambaa hadi jikoni, nikaongeza. Nikaongeza tena.