Mlinzi wa Usingizi wa Mwokaji

Mwokaji mikate yule alifanya zamu ya usiku tangu ujanani, akirudi nyumbani asubuhi na unga kwenye nyusi. Mkewe, fundi cherehani, alizoea kulala peke yake usiku na kulinda usingizi wa mumewe mchana kama askari wa benki. Alitundika blanketi dirishani, akawanyamazisha watoto, na mteja aliyepiga hodi kwa kelele alifukuzwa pamoja na kitambaa chake. Cherehani haikuguswa mpaka mzee aamke. Hayo ndiyo mapenzi aliyoyajua.

Kisha mume akapatikana na saratani ya utumbo. Daktari hakusema imeletwa na zamu za usiku. Hilo, alisema, hakuna wa kuliapia. Ila mwili una saa yake ya ndani, na ya mzee huyu ilikuwa imevurugika. Alale usiku, mchana aone jua, huenda akazistahimili dawa vizuri zaidi.

Usiku huo wakalala pamoja. Mwanamke alifurahi, kisha akaona haya kufurahia balaa. Mume alikaa macho makavu, mikono ikikanda shuka.

Lakini mchana, akitoka kutundikiwa dripu ya dawa, usingizi ulimchukua kwenye kochi, na mkewe, kwa mazoea tu, akaweka blanketi dirishani. Akaendelea hivyo, akijiona mke mwema kweli kweli. Muuguzi alipopata habari alimjia juu: "Mama, unamdekeza au unammaliza?"

Tangu hapo kazi yake ikawa kumwamsha.

"Niache kidogo tu, mama watoto," mume alisihi.

"Amka, baba. Jua lipo nje, halina kiingilio."

Alimkokota hadi barazani huku roho ikimuuma, akashona kando yake kwa makelele ili asisinzie. Pole pole mzee akaanza kulala usiku, tena kwa kukoroma, na mkewe akausikiliza ule mkoromo kwa shukrani.

Hata hivyo uvimbe uliendelea kukua. Baada ya picha ya mwisho daktari aliwakalisha, akaongea taratibu. Mwanamke akauliza kama aendelee kumwamsha mchana.

"Usimwamshe tena, mama. Alale wakati wowote anaotaka."

Mume akamgusa kiwiko, akitabasamu. "Umesikia? Nimeruhusiwa."

Mkewe alitaka kucheka naye. Akashindwa, akaangua kilio pale pale mbele ya daktari.