Mwamba Ulioshika Maji ya Laga

Wallahi, hadi leo nikiona ukuta wa mawe ya kijivu mjini Isiolo, damu inanichemka. Watu husema nimezeeka vibaya. Waseme.

Kwetu kulikuwa upande wa Kulamawe, na mawe hatukukosa. Ardhi ya huko imetapakaa mawe meusi ya volkeno, yenye matundu matundu, yanayochubua kwato za ng'ombe na kumaliza ndara upesi. Ukiyapita unakuta changarawe nyekundu, halafu mchanga, halafu mawe tena. Lakini katika laga yetu, ule mto wa mchanga unaojaa maji mvua ikinyesha tu, kulikuwa na mwamba wa aina nyingine: wa kijivu, wenye mistari myeupe na chembe zinazometameta juani. Ulikatiza laga kutoka ukingo hadi ukingo, mwili wote chini ya mchanga, mgongo tu nje, kama kizingiti cha mlango.

Mwamba huo ndio uliotuweka hai. Mafuriko yakishapita, maji yaliyozama mchangani yaliteremka polepole chini kwa chini mpaka yakagonga mwamba, yakasimama hapo. Ukichimba upande wa juu, maji unayo hata katikati ya kiangazi. Upande wa chini ungechimba mpaka ukutane na mashetani, tone hupati. Sote tulijua hivyo, hata mbuzi walijua.

Kisima cha hapo alikichimba babu, na baba ndiye aliyekuwa abba herega, yaani mpangaji wa zamu za kunywesha mifugo. Kwetu Waborana kisima kina mwenyewe, na anayevuruga zamu huitwa mbele ya wazee. Lakini jiwe! Jiwe ni la Mungu, na anayemnyima mgeni kitu cha Mungu ni mchoyo. Baba aliogopa kuitwa mchoyo kuliko alivyoogopa simba.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini lori likaja kutoka mjini. Kontrakta alikuwa mtu mpole, salaam aleikum zake ndefu. Isiolo nzima ni mawe, jamani, lakini yeye alitaka yale yanayopasuka kwa mstari ulionyooka. Akanywa chai yetu, akaomba mwamba wa laga. Mama, aliyekuwa akimimina maziwa, akasema, "Baba watoto, huo mwamba ndio unashika maji."

Baba akamkata jicho. "Usiniaibishe mbele ya mgeni. Mwamba ni mkubwa, watachukua kidogo tu."

Kidogo! Wakatoboa, wakatia baruti, wakapakia lori likaenda na kurudi, mpaka katikati ya mwamba likabaki pengo la kupitisha kundi zima la ng'ombe. Nikamwambia baba awazuie, akaniambia adabu imenipotea. Na wale wazee wengine walikaa kivulini wakisifia mlio wa baruti. Wanaume walewale ambao wangechomoa visu kwa ndoo moja iliyotekwa nje ya zamu! Hasira yangu yote iko hapo.

Mvua ikaja nzuri. Laga ikajaa, baba akatutazama kwa ushindi. "Mmeona sasa?"

Tuliona maji yakipita kwenye pengo kwenda zake. Mchanga ukakauka kabla nyasi hazijageuka rangi. Mama, kaka zangu na mimi tukachimba mpaka tukafika ardhi ngumu, kavu kabisa. Baba akasema tuombe dua, tukaomba, lakini pengo halikuziba. Wakati huo kontrakta yuko mjini anapanga kuta, na hakuna aliyethubutu kumfuata, maana alipewa kwa ridhaa.

Ukame mkali ulipoingia, sisi watu wa kisima tukawa waomba zamu kwenye visima vya wengine. Hawakutunyima. Walituweka mwisho, na mwendo ulikuwa mrefu, na ng'ombe wakaanza kuanguka njiani mmoja mmoja.

Siku ng'ombe wa mwisho wa maziwa alipolala akashindwa kuinuka, kaka yangu alimchinja kabla hajajifia. Nyama yenyewe ilikuwa ngozi na mifupa. Baba akaketi kando, akatikisa kichwa, akasema, "Ni amri ya Mungu."

Mama akaweka karai chini. Sikuwahi kumsikia akimpandishia baba sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Mungu alikupa maji, ukawapa watu wa lori," akamwambia. "Wakirudi, wape na hawa watoto."