Mpini Ndani ya Bomba

Nilisikia chuma kabla sijakiona. Nilikuwa jikoni nimeinamia mafiga, na nje, nyuma ya nyumba yetu ya Bweri, fundi alikuwa anagonga bomba la fremu ya baiskeli kwa spoku. Ting. Ting. Ting. Sauti nyembamba, inayokaa hewani kidogo kabla ya kuondoka. Kisha ikaja tup. Akarudia palepale. Tup.

Mama alikuwa kando yangu anachambua dagaa. Mikono yake ikasimama.

Fremu ile aliileta mvuvi wa Mugango siku iliyotangulia. Ilinasa kwenye wavu wake, haina magurudumu wala usukani, rangi imekwisha, imevaa magugu ya ziwani. Alikuwa amesikia kwamba Bweri yuko mama anayeulizia baiskeli. Mama hakuigusa. Alinituma Kiabakari nikamwite fundi aliyewahi kuitengeneza baiskeli ya kaka.

Kaka yangu aliondoka miaka ile sabuni ilipokuwa inatafutwa kama dawa. Alipakia gunia la mihogo mikavu kwenye baiskeli, akasema anakwenda Mugango avuke visiwani akabadilishane na watu wenye sabuni. Akikosa mtumbwi, angegeuza aende Bunda kwa nchi kavu. Wiki hiyo mtumbwi mmoja ulizama. Hakuna aliyejua kama alikuwa amepanda. Basi sisi tukaishikilia Bunda. Kila aliyetoka mnadani huko mama alimsimamisha na kumuuliza. Akakataa matanga. Kitanda cha kaka kilibaki kimetandikwa, na mlango wa chumba chake haukufungwa hata mvua ilipopiga, asije akarudi akadhani tumemfungia. Maduka ya Musoma yalipojaa tena, mama alinunua mche wa sabuni akauweka chini ya kile kitanda.

Tukatoka nje. Fundi alikuwa amepitisha kidole kwenye tundu la kiti.

"Ni bomba la zamani," alisema. "Laini ndani, halina mshono. Haya mapya ukipitisha kidole unakuta mshono."

"La zamani naona," mama alisema. "Nimekuuliza ni la nani."

"Baiskeli za hivi zilikuwaga nyingi, dada." Alisema akiangalia viatu vyake.

"Fundi, maisha yako yote umetuongopea. Njoo kesho, njoo kesho. Nikakuzoea. Leo usiniongopee."

Akachukua kisu akaparura kutu pale palipolia tup. Chini yake ukatokea mstari wa njano ukizunguka bomba, umekunjamana kama kovu.

Bomba la baiskeli ya kaka lilipovunjika, zamani zile, hakukuwa na kipande cha kulishika Musoma nzima. Fundi akasema tutie mti ndani, kisha ataziba juu kwa shaba. Shaba aliiyeyusha kutoka kwenye kufuli bovu. Mti aliutoa mama: alikata kipande cha mpini wa jembe lake, akalima msimu mzima kwa mpini mfupi, kiuno kimekunjika. Kaka alimtania kwamba analima kama anayetafuta sindano. "Wewe endesha tu," mama alimjibu. "Umenikalia mgongoni tangu umezaliwa."

"Kata," mama alimwambia fundi.

Akakata kwa msumeno. Maji meusi yakatoka kwanza, yakamwagika kwenye viatu vyake. Kisha akausukuma mti nje kwa nondo. Ulikuwa umelainika, lakini kwenye ncha moja tundu lilionekana, lile alilolichoma mama kwa msumari wa moto ili atie kamba ya kulitundika jembe.

Fundi akaketi chini. "Nilijua tangu nilipogonga mara ya kwanza," alisema.

"Hata mimi," mama alisema. "Nilisikia nikiwa jikoni."

Mama akaupokea ule mti kwa mikono miwili, akauingiza ndani ya kanga, kifuani, mahali anapowekwa mtoto anayenyonya. Akaingia chumbani kwa kaka. Mimi nilisimama ukumbini, sikuthubutu kumfuata. Nilimsikia akikung'uta shuka, akilikunja, akilikunja tena.

Alipotoka alikuwa na ule mche wa sabuni. Akaniwekea mkononi.

"Weka nje, karibu na ndoo," alisema. "Watu watakuja. Watanawa."

Kisha akaushika mlango wa chumba. Ulikuwa umevimba kwa miaka ya kukaa wazi, ukagoma kuingia kwenye fremu yake. Akauvuta mara ya pili, kwa uzito wake wote, ukafungika.