Lango Langu na Haramia wa Stechford

Mimi si mtu wa kushangazwa. Hilo niliandike mapema ili tuelewane. Mimi ni Msomali wa Majengo, Mombasa; niliacha shule darasa la sita, nikaanza kuziba pancha za baiskeli kwenye kibaraza cha mtu. Leo nina karakana tatu za matairi hapa Birmingham, na ile kubwa iko hatua chache tu kutoka Soho Road, uliza yeyote. Nimemwona bwana harusi akilala chini ya gari la kukodi na suti yake nyeupe ili anishikie taa. Nimeishi Uholanzi nikauza magari kwa lugha ambayo hata leo siijui. Basi binti yangu aliposema, wakati wa chakula, kwamba anaandika kitabu juu ya mwanamke haramia wa Ireland, sikupepesa jicho.

“Haramia wa baharini?”

“Wa baharini, Baba.”

“Mwanamke?”

“Mwanamke.”

“Sawa. Nipe hiyo pilipili.”

Binti yangu alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata nikinong'ona, lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake humu nimemtilia Kiswahili mimi mwenyewe, na sijamdai malipo. Anasoma historia chuo kikuu. Kitabu chenyewe ni hadithi ya kubuni juu ya mtu aliyekuwako kweli, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, huko pwani ya magharibi ya Ireland. Aliniambia mifupa ni ya historia, nyama ni yake.

Ikawa desturi yetu. Tukishakula, anatusomea kurasa alizoandika. Mezani tulikuwa watatu: mimi, yeye na Mama yangu, ambaye ninaishi naye tangu nilipomleta kutoka Mombasa. Simu zote zilikuwa kwenye kapu la mkate juu ya friji, zimezimwa sauti. Hiyo ilikuwa sheria yangu, na naipendekeza kwa kila mwenye nyumba. Mtu na chakula chake, mtu na watu wake, simu kapuni.

Mama alimpenda yule haramia tangu kurasa za mwanzo. Haramia huyo alipokuwa msichana, baba yake alimkataza kupanda meli, akamwambia nywele ndefu zitanaswa kwenye kamba. Akaenda akazinyoa zote, akarudi, akauliza, “Sasa je?”

“Huyo ni mwanangu mkubwa kabisa,” Mama akasema. “Huyo ni dada yako.”

Alijifungua mtoto ndani ya meli, na kesho yake meli iliposhambuliwa akatoka na shuka begani kuwakemea mabaharia wake.

“Dada yako.”

Alipokwenda kuonana na malkia wa Uingereza, akakataa kuinama.

“Dada yako huyo,” Mama akasema, “ila huyu wa kwetu angemwuliza malkia mbona nyumba haijafagiwa.”

Ni kweli, sibishi. Dada yangu ndiye aliyenilea baba yetu alipofariki. Alikaanga viazi karai akinilipia shule, mpaka nilipoikimbia. Siku hizi anaishi Stechford, upande wa pili wa mji, anauza vitambaa kwa gari lake jeupe, na sauti yake haijawahi kuhitaji simu.

Sasa nieleze juu ya lango. Nyumba yangu ya Handsworth iko mwisho wa safu, kwa hiyo ina kiwanja mbele, si kama zile za katikati. Nikaweka lango la chuma, jeusi, lenye ncha za mikuki zilizopakwa rangi ya dhahabu, linalofunguka kwa simu. Mgeni akibonyeza kengele, simu yangu inalia popote nilipo, nauona uso wake, nasema naye, namfungulia. Jirani yangu Singasinga alikuja kulitazama, akaondoka, akarudi na shemeji yake walitazame wote. Dada yangu alipoliona siku ya kwanza alisema, “Hii ni nyumba au benki?” Nikacheka. Nilidhani ananisifu.

Jioni moja ya mvua binti yangu alikuja mezani amenuna. Alikuwa amekwama.

“Kuna kisa kimoja,” akasema. “Haramia anarudi kwake kutoka Uingereza. Anatia nanga karibu na Dublin, anataka chakula na maji. Anakwenda kwenye ngome ya bwana mmoja mkubwa, anakuta lango limefungwa. Anaambiwa bwana anakula, nenda zako. Basi anamchukua mtoto wa bwana huyo, mrithi wake, anaondoka naye melini. Na kikomboleo anachotaka si dhahabu. Anataka lango lisifungwe tena wakati wa chakula, na kila siku iwekwe sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa.”

“Ni kweli hiyo?” Mama akauliza.

“Watu wa kule husimulia hivyo, Bibi. Wanahistoria wengine hawakubali. Lakini tatizo langu si hilo. Tatizo siwezi kuiandika, haiingii akilini. Lango limefungwa, sawa, si angengoja wamalize? Nani anateka mtoto wa watu kwa ajili ya chakula cha mchana?”

Nikaweka kijiko chini. Kuna mambo chuo kikuu hakifundishi.

“Sikiliza,” nikamwambia. “Huyo mama hakukasirika kwa sababu ya njaa. Njaa si tusi. Tusi ni kusimama nje ukisikia vijiko. Kwetu mtu akipita wakati wa kula, unamwambia karibu kabla hujamwuliza jina. Bibi yako hapa alikuwa hapiki chakula cha watu wanne, anapika cha watano, na huyo wa tano hatumjui. Anayefunga lango ili ale, huyo si bwana. Huyo ni mbwa na mfupa wake.”

“Ngoja, ngoja, rudia hiyo ya vijiko.”

Nikarudia. Akaandika mbio mbio. Sitaficha, nilivimba. Mtu wa darasa la sita anamsomea imla mwanafunzi wa chuo kikuu! Nikaongeza na nyingine mbili tatu, za mgeni njoo mwenyeji apone, na mkono mtupu haulambwi.

Mama alikuwa akichambua mfupa wake polepole. “Kwetu wapi?” akauliza.

“Kwetu, Mama.”

“Aa. Nilidhani unasema hapa.”

Tukacheka. Tukamaliza, binti akateremsha kapu, kila mtu akachukua simu yake. Yangu ilikuwa imejaa ishara za kengele ya lango. Nikafungua picha ya video.

Alikuwa dada yangu, amesimama mvuani, ameshika sufuria iliyofungwa kwa taulo. Aliisogelea kamera kama anayemsogelea mtu asiyesikia vizuri.

“Hodi.”

Akangoja. Maji yakimtiririka kwenye mtandio.

“Hodi wenyewe.”

Akangoja tena. Akanyoosha shingo kutazama dirisha letu.

“Hodi jamani. Taa naiona. Na kicheko nakisikia.”

Hodi ya tatu isipoitikiwa, unageuka. Ndivyo tulivyolelewa, na aliyenifundisha ni yeye. Akageuka. Kwa saa iliyoonyeshwa kwenye picha, wakati anageuka mimi nilikuwa kwenye mbwa na mfupa.

Binti yangu aliuma midomo mpaka machozi yakamtoka. Mama hakucheka.

“Hiyo ni supu yangu,” akasema. “Nilimwambia asubuhi kifua kinanibana.”

Nikapiga simu. Dada hakupokea. Kesho yake adhuhuri niko karakana, mikono yote grisi, simu ikalia. Kengele ya lango! Nikauona uso wake, mkavu, mtulivu. Moyo ukapoa.

“Karibu dada, karibu sana!” nikapaza sauti, nikamfungulia.

“Ahsante, mdogo wangu.”

Jioni narudi, kiti cha Mama kitupu. Msala wake haupo, bakora haipo, dawa hazipo. Nikaitazama picha ya lango. Dada ameingia, na muda mfupi baadaye anatoka amemshika Mama mkono, Mama na mfuko wake uliokwisha kufungwa. Walipofika langoni Mama aliinua uso, akaipungia kamera mkono.

Safari hii simu ilipokewa.

“Dada, Mama yuko wapi?”

“Yuko hapa. Anakula.”

“Anarudi lini?”

“Lango likiondoka.”

“Dada, huu ni utekaji nyara!”

“Mwulize binti yako. Kasema utekaji wa namna hii una historia ndefu.”

Nilipomgeukia binti yangu, alikuwa anaitazama dari.

Nikasema wacha, atachoka mwenyewe. Aliyechoka ni mimi. Nyumba bila Mama ilikuwa na kila kitu na haina mtu. Hakuna wa kuniambia nimekonda ilhali shati halifungiki. Binti alikula akisoma, na kurasa hakunisomea. Alisema Bibi hayupo, atapitwa na sehemu. Nikala nikisikia kijiko changu mwenyewe.

Jumapili nikaenda Stechford na kasha la maembe na masharti yangu kichwani. Mimi ni mfanyabiashara, nimepatana na watu wagumu. Mlango wa dada haukuwa umefungwa, umeegemezwa kiatu. Mezani kulikuwa na sahani tatu. Wao walikuwa wawili.

“Nani mwingine anakuja?” nikauliza.

“Sijui,” dada akasema. “Umekuja wewe. Kaa.”

Nikakaa. Nikatoa sharti la kwanza: lango nitalipanga lifunguke lenyewe saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku, kila siku.

“Mgeni hana ratiba.”

La pili: nitampa namba ya siri.

“Namba mpe mtu wa posta. Mimi ndiye niliyekuosha pua. Na asiye na namba je? Yeye abaki nje akuhesabie mikuki?”

“Dada, mji huu si Majengo. Huwezi kufungulia kila mtu.”

Hapo Mama akaingia, taratibu, bila kuacha kula. “Siku uliyofika mji huu hujui mtu, ulikula kwa nani?”

Jibu alilijua, kwa sababu nilimsimulia mwenyewe, tena kwa fahari. Nilikuwa na anwani ya Msomali mwenzangu kwenye kipande cha karatasi kilichoroa. Nikagonga nyumba siyo. Akafungua Mkongomani mmoja, Mkristo, familia nzima iko mezani nyuma yake. Nikaanza kuomba radhi. Akanivuta mkono: “Ingia, baba, kula kwanza, jina utatuambia kisha.” Mkewe akaweka sahani, watoto wakasogea. Ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Ndicho chakula changu cha kwanza Birmingham. Na mtu huyo ndiye aliyenipeleka kwenye karakana yangu ya kwanza kuomba kazi.

Kama angekuwa na lango langu na simu yake kapuni, nani angeisikia kengele yangu?

“Mama,” nikasema, “fungasha.”

“Toa kwanza,” dada akasema. “Haramia halegezi kamba kwa ahadi.”

Waliolisimika walikataa kulichukua tena. Nikatafuta fundi wa kulikata, kipande kwa kipande, na gari la kulibeba. Jirani Singasinga alisimama akitikisa kichwa kama aliyefiwa. Fundi alikuwa bado anakusanya vifaa vyake gari jeupe lilipofika, Mama mbele kama malkia, sufuria ya supu mapajani. Tulipokaa kula, fundi alichungulia mlangoni kutaka ujira wake. Mama hakumwacha aseme.

“Karibu!”

Sahani ilikuwa tayari. Akavua kofia, akala, akaongeza.

Usiku ule binti yangu alitusomea kisa cha ngome, chote. Haramia anasimama mbele ya lango, anamwambia mlinzi kwamba njaa si tusi, tusi ni kusikia vijiko. Yaani huyo mama wa Ireland anazungumza kama mimi. Sikushangaa.

Watu wanaopita huniuliza lango langu liko wapi, na mimi sina la kuficha: nililitoa kumkomboa mama yangu, na ni wangapi mjini hapa wanaoweza kusema hivyo? Kulinunua, kulisimika, kulikata, kulibeba, na sahani moja nyeupe niliyoinunua Balsall Heath kwa sababu zetu hazikutosha: pauni elfu nne, mia tatu na kumi na saba, na peni hamsini.