Wawira alikuwa wodini Meru, magunia yake yakapimwa Nchiru na Kanja asubuhi moja

Wakuu, salamu kutoka Nchiru. Mvua imewafungia wanafunzi hosteli, chipsi zangu zinanitazama tu, kwa hivyo leo nina nafasi ya kuwaandikia.

Kisa hiki ni cha kweli na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu hawa akina mama wakinisoma humu nitasimamishwa mbele ya kikundi.

Kwanza niwaeleze kazi yetu. Tuko kikundi cha wanawake tunaookota plastiki kwenye hosteli, sokoni na kando ya barabara. Zamani tulikuwa tunauzia broka. Broka haulizi kitu. Akipata mchanga chini ya gunia anatukana, halafu kesho ananunua tena kwa bei ya dharau, kwa sababu ameshaamua nyinyi nyote ni wakora.

Halafu ikaja kampuni moja ya Nairobi inayosaga plastiki na kutengeneza kreti. Hao wananunua vizuri, mradi kila gunia lijulikane limetoka kwa nani na wapi.

Wateja wao ndio wanataka hivyo. Wanataka kuwa na hakika kwamba plastiki haikuokotwa na watoto waliopaswa kuwa shule, na kwamba hakuna chupa za dawa ya shamba ndani.

Kila mama akapewa kadi yenye vile vimraba vyeusi vya kupigwa picha na simu. Kila gunia nalo lina stika yake. Kabla ya kupima unaskani kadi, unaskani stika, na simu inajiandikia yenyewe mahali mlipo. Mimi ndiye ninayeshika simu ya kikundi, kwa sababu kibanda changu kina stima ya kuchaji. Msidhani ni akili.

Sasa twende kwa Wawira.

Wawira ni mwenzetu. Amezaliwa Kanja, kule Embu, akaolewa hapa Nchiru. Aliokota hadi tumbo likakataa kuinama. Siku ya kwenda hospitali Meru mjini, aliniachia kadi yake nimtunzie.

Huku kwetu mwanamke akijifungua haendewi mikono mitupu. Unabeba kuni, unabeba ndizi, maharagwe ya njahi, uji wa wimbi. Unaweka jikoni na kwenda kumwona mtoto. Hakuna anayetangaza ameleta nini, na ukianza kutangaza utaonekana mtu wa ajabu sana.

Mama Mwenda, mwenyekiti wetu, akasema kuni tutapeleka kama kawaida, lakini Wawira anaishi kwa magunia na hataokota kwa muda mrefu. Kwa nini tusimjazie magunia kwa kadi yake? Tukapiga makofi.

Dada yake wa Kanja akasikia. Huko nako kuna kituo cha kampuni hiyohiyo. Akaniomba picha ya kadi kwa WhatsApp, nikamtumia na emoji za mtoto juu. Wamama wa Kanja hawakukubali kushindwa na watu wa Meru kwa binti yao wenyewe. Wakajaza kwelikweli, wakapima kwao asubuhi ileile tuliyopima sisi huku.

Nafikiri mshaona hii gari inaelekea mtaro gani.

Siku iliyofuata simu ya kikundi ikawa nyekundu. Kadi ya Wawira imefungwa, na kikundi kizima kimesimamishwa mpaka uchunguzi ukamilike. Kabla sijamaliza kusoma, Sammy akapiga. Huyu Sammy ni kijana wa kampuni anayesimamia upande wetu.

"Madam, huyu Wawira wenu ako na helikopta? Amepima Nchiru, na kabla chai ipoe amepima Kanja."

"Hakuna helikopta," nikamwambia. "Ako wodi Meru. Amejifungua."



"Madam, sasa unazidi kuharibu."

Nilikasirika mpaka mafuta ya chipsi yakaungua. Sisi tulifanya jambo letu mchana kweupe, kila mtu akiona, halafu mashine inamwita mwenzetu mwizi akiwa kitandani na mtoto mchanga! Sammy alisema atakuja mwenyewe. Tusipomweleza vizuri, Wawira anaondolewa kabisa na hatauza tena kwao.

Pikapu ya kampuni ikapita yadi yetu bila kusimama. Magunia yakabaki pale. Sokoni nako habari ikawa kwamba Wawira amekamatwa na kompyuta. Watu hawana kazi, wakuu.

Sammy alipofika tulimkalisha, tukampa chai na mukimo wa viazi na mahindi. Hata ukiwa na hasira, mgeni anakula. Mama Mwenda akamweleza mambo ya mzazi na kuni, pole pole, kama anamfundisha mtoto wa nasari.

Sammy akaelewa. Lakini akasema sheria ni kadi moja, mtu mmoja. Kila gunia lirudishwe kwa jina la aliyelijaza.

Hapo ndipo palipochacha. Mama Mwenda aliweka kikombe chini.

"Kijana yangu, wewe ukipelekea mzazi kuni, unaandika jina lako kwa kila kijiti?"

Wanawake wakacheka kwa sauti. Kwetu sisi, kusema gunia hili ni langu nimempa Wawira ni kama kumdai. Afadhali zawadi ioze.

Lazima nimsifu huyo kijana, hakupandisha sauti. Alisimama karibu na gunia moja, akalipiga kofi.

"Shosho, tuseme ndani ya hii kuna chupa ya dawa ya kahawa. Imesagwa na zingine zote, mzigo wote umeharibika. Nitauliza nani?"

"Uliza mimi."

"Ni wewe umeijaza?"

"Hapana."

"Basi mimi naona tu jina la Wawira. Ni yeye atajibu."

 Niliona uso wa Mama Mwenda ukibadilika.

"Yaani mkipata sumu mtamshika Wawira, na hata hakugusa hii gunia?"

"Ndiyo, shosho."

"Hiyo hapana. Katakata."

Hilo lilimaliza ubishi. Sisi wote tulikuwa tumefikiria jina la kujisifu, hatukufikiria jina la kujibu maswali. Tulitaka kumsaidia mwenzetu, kumbe tumempakia makosa yetu yote mgongoni. Moyo uliniuma, nisiwafiche.

Sammy naye akatuonyesha kitu kwenye app ambacho hata yeye alikiri hajawahi kuona mtu akikitumia. Gunia linabaki na jina la aliyelijaza, lakini malipo unaweza kuyaelekeza kwa mtu mwingine. Akampigia dada wa Kanja nao wafanye vivyo hivyo.

Tukaanza kuskani upya. Wakuu, mngeona aibu yake! Mama mmoja mmoja anakuja, ananong'ona "hii na ile", ananipa kadi akiangalia kando, kama anaungama kwa padri.

Mwishoni yakabaki magunia ya kwenye kona. Yalikuwa mengi kuliko ya mtu yeyote, na masafi. Vifuniko vimetolewa, chupa zimekanyagwa zikalala vizuri. Hakuna aliyesema ni yake.

Mwenzetu Kendi akasema kutoka mlangoni, "Hizo andika tu za Mama Mwenda."

"Mimi sina gunia kwa kona," Mama Mwenda akajibu.

Wote wakageuka kumtazama Kendi. Kendi ni dada ya mume wa Wawira. Yeye na Wawira walikosana juu ya kipande cha nyasi ya ng'ombe, na tangu hapo hawasalimiani. Wakikutana njiani, mmoja anakumbuka amesahau kitu nyumbani.

Sammy, ambaye hakujua lolote, akasema tu, "Bila jina, hizo hazitoki hapa."

Kendi alisimama akiyatazama yale magunia. Halafu akanipa kadi yake, na akatoka kabla sijamaliza kuskani.

Mzigo ukaenda. Kiwandani wakafungua, wakakuta ni safi. Kadi ya Wawira ikafunguliwa, kikundi kikarudishwa, na Sammy akatuma ujumbe wa kuomba msamaha pamoja na kuuliza kama mukimo ulibaki.

Wawira wakati huo alikuwa nyumbani. App humtumia anayelipwa ujumbe kwa kila gunia: limejazwa na nani, wapi. Akanipigia. Nilifikiri anataka kushukuru.

"Huyu Kendi ni yule Kendi?"

"Ni yeye."

"Hizi zote?"

"Zote."

Nikasikia mtoto akilia, na yeye hata hambembelezi. Halafu akasema, "Mwambie kwamba mtoto bado hajabebwa na shangazi yake."

Nilizima jiko wateja wakiwa wamesimama, nikaenda kumwambia Kendi mwenyewe.  Alizunguka nyuma ya nyumba na kurudi na mzigo wa kuni ambao ulikuwa umefungwa tayari, kamba imekazwa, na juu yake vumbi la siku kadhaa.

Nilichotoka nacho ni hiki: nilikuwa naona hizi stika ni za kutuchunga kama wezi. Siku hizi mama akijifungua kila mtu anaskani kadi yake na kuelekeza malipo kwake, na hakuna anayeona ni kujigamba. Kuni bado tunaweka jikoni bila kusema.

Mliowahi kufungiwa na mashine kwa kosa la kufanya wema, tupieni hapa chini mlijitoaje. Na wewe wa hosteli za Nchiru unayesoma hii ukiwa na soda mkononi, toa kifuniko kabla hujatupa chupa. Kuna mama atakayejibu maswali juu yake.