Mguu Mmoja Juu, Mmoja Chini

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu niliamini kwamba binadamu anaweza kuenea kwenye karatasi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya vitanda vya watu waliovunjika, kuwauliza maswali ya dodoso na kutia vema kwenye visanduku. Nilikuwa na kalamu mbili za wino, ubao wa kubania karatasi, na viatu vya mtumba vyenye visigino vilivyosikika wodi nzima kabla mimi mwenyewe sijafika. Nilijiona mtu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Morogoro, ambayo utotoni mwangu yalikuwa rafu tupu na foleni ndefu, sasa yalijaa sabuni mpaka milangoni. Magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo yaliingia kila wiki, mengine bado na maandishi ya Kijapani ubavuni, na kila mwenye gari alibeba alichotaka kwa mwendo alioutaka. Wodi ya waliovunjika ikafurika. Daktari wetu wa mifupa, mtu mpole aliyependa kuzungumza huku akitazama mikono yake, akaingiwa na wazo lililomkosesha raha: tunawaunga hawa watu, tunawaruhusu, halafu inakuwaje? Ndipo utafiti ukaanza, nami nikaajiriwa.

Kwenye kitanda cha dirishani alilazwa mkulima wa mboga kutoka juu kabisa kwenye milima ya Uluguru. Alikuwa akishuka na kabichi zake, amekaa juu ya mzigo kwenye pikapu, gari likashindwa kona. Mfupa wa paja ulivunjika. Alilala majuma mengi mguu umevutwa kwa kamba yenye mfuko wa mchanga, na aliyemuuguza alikuwa dada yake mkubwa. Nilipouliza mkewe yuko wapi, yule mama alinitazama kama nimeuliza jua linatoka wapi.

"Mke ana kichanga na shamba. Huyu ni wa tumbo la mama yangu. Akivunjika, tumevunjika sisi."

Mimi ni Mluguru wa mjini. Mambo hayo niliyajua kwa kuyasikia. Ardhi huko ni ya ukoo wa mama, mtu hupewa sehemu alime, na akishindwa kulima wajomba humpa mwingine. Hilo ndilo lililomnyima usingizi yule bwana kuliko mfupa.

"Nisipoweza kupanda mlima, dada yangu," aliniambia siku moja, "nitakaa Msamvu niwauzie abiria karanga? Mimi?"

Dada yake alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, rozari shingoni. Alimwosha, alimgeuza, alimlisha. Kila alipomnyanyua alivuta pumzi moja kwa mdomo, na kazi ikawa imekwisha. Niliyaona hayo kila siku wala sikuyaandika, maana hayakuwa na kisanduku.

Mfuko wa mchanga ukatolewa, yakaja magongo mawili, kisha fimbo moja. Asubuhi moja nikafika kwenye swali: je, mgonjwa anaweza kutembea bila msaada? Akaiweka fimbo kando, akatembea korido yote, kwenda na kurudi, akichechemea kidogo tu. Nilifurahi kama nimemponya mimi. Nikatia vema.

"Futa," akasema dada yake.

"Mama, ametembea. Umeona mwenyewe."

"Ametembea kwenye sakafu. Kwetu hakuna sakafu."

Nikacheka. Mpaka leo nikikikumbuka kicheko kile naona haya.  Yule mama alimshika ndugu yake mkono, akamtoa nje mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua nyuma ya wodi, wenye kingo zilizolala kama mteremko.

"Simama unavyosimama ukipalilia."

Akaweka mguu mmoja juu ya ukingo na mwingine chini, wanavyosimama kutwa nzima kwenye mashamba yao. Akainama. Mguu uliovunjika ukaanza kutetemeka, akajaribu kuushurutisha, akaenda chini. Dada yake alimdaka kabla hajapiga saruji. Nilisikia bega la yule mama likilia, kitu kama kijiti kinachovunjwa ndani ya nguo.

"Haya," akasema akihema. "Andika hilo."

Nilikuwa nimeshaandika kwa wino. Nikaenda kwa daktari na karatasi yangu, nikitarajia kukaripiwa kwa kupoteza muda na akina mama wa milimani. Alitoka mwenyewe. Akamwona yule bwana amekaa kwenye ukingo, amejiinamia, akautazama mtaro muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona daktari akilifanya: akavua viatu, akaweka mguu mmoja juu na mmoja chini, akainama na koti lake jeupe kana kwamba anapalilia saruji. Akakaa hivyo mpaka mapaja yake nayo yakaanza kutetemeka.

"Kumbe," akasema.

Juma lililofuata aliweka mabenchi barazani, chai na maandazi, akawaita wagonjwa pamoja na wanaowauguza. Akasoma dodoso swali kwa swali, na kila baada ya swali akauliza lina kasoro gani. Mwanzoni watu walitazama vikombe vyao. Nani amkosoe daktari? Kisha utingo mmoja wa basi, mkono umefungwa plasta mpaka kwapani, akajitosa.

"Dokta, mimi usiniulize kama naweza kuinua kikombe. Niulize kama naweza kuning'inia mlangoni na gari linatembea."

Watu wakaangua kicheko, naye daktari akacheka, lakini akaandika. Mzee mmoja aliyevunjika goti akasubiri kicheko kiishe.

"Mimi niulize kama naweza kusujudu," akasema. "Naswali kwenye kiti. Mungu ananielewa, najua. Mimi ndiye sijielewi."

Hapo kalamu yangu ilisimama. Miezi mizima nilikuwa nimekaa na watu hawa, magoti yangu yakigusa vitanda vyao, na kila mmoja alikuwa na kipimo chake mwenyewe cha kupona, amekificha moyoni kama kitu kisichomhusu mtu mwenye karatasi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuja kuwauliza wenye vitanda habari za kunguni, majibu nimekwisha kuyachapisha kabla. Nilistaajabu, na ndani ya mshangao ule mlikuwa na aibu na furaha kwa pamoja.

Wa mwisho kusema alikuwa yule mama wa dirishani.

"Maswali yote ni ya aliyelala," akasema. "Na aliyesimama je?"

"Aliyesimama yupi, mama?"

"Anayemnyanyua."

Wanawake waliokuwa wamekaa ukutani wakatazamana. Mmoja aliitikia kwa kifua, mmh, kama kanisani. Daktari akachukua karatasi yangu na kuandika kwa mkono wake, chini kabisa, baada ya swali la mwisho: Anayemuuguza, yeye mwenyewe yukoje?

Tangu siku hiyo mtaro ukawa mahali pa mazoezi. Mama aliyapima mazoezi kwa njia yake. Siku ya kwanza ndugu yake alisimama kwa urefu wa Salamu Maria moja. Baada ya juma, Salamu Maria saba. Daktari aliniagiza niandike kama anavyohesabu yeye, nami nikaandika, na karatasi hiyo nilikuwa naitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa karatasi yoyote. Mzee wa goti akaja kusimama ukingo wa pili, akihesabu kwa tasbihi. Walisimama wakitazamana, mmoja na rozari ya dada yake na mwingine na tasbihi yake, wakitetemeka na kutaniana nani ataanguka kwanza.

Siku ya kuruhusiwa yule bwana alikuwa amefika mafungu matatu ya rozari, Salamu Maria thelathini, bado anashika fimbo.

"Shamba linataka rozari nzima," dada yake aliniambia wakati wa kuagana. Hakutabasamu. Wakaondoka hivyo, na hakuna kati yetu aliyejua kama mguu ule utaliokoa shamba au la.

Mvua zilipokwisha nilitumwa kuwafuata. Gari liliishia barabara ilipoishia. Nimezaliwa chini ya mlima ule, nikautazama kila asubuhi nikipiga mswaki, na sikuwahi kuupanda. Akina mama walinipita wakishuka na matenga ya mboga kichwani, wakanisalimu bila kuhema, mimi nikiwa na viatu mkononi, nimeshika majani kwa mkono wa pili. Mahali pengine nilitambaa. Nilitafuta sehemu tambarare walau ya kuweka ubao wangu. Hapakuwa nayo.

Nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa katikati ya shamba lililosimama kama ukuta, jembe mkononi, mguu mmoja juu, mmoja chini. Fimbo yake ilikuwa imechomekwa kwenye udongo, maharage yameitambalia. Nikamwuliza kwa sauti ameanza saa ngapi.

"Baada ya chai," akanijibu. Jua lilikuwa karibu utosini.

Dada yake alikuwa chini zaidi, anachuma maharage kwa mkono wa kushoto. Nilimwamkia, akaitika, tukaenda swali kwa swali habari za ndugu yake, na alijibu kwa haraka na fahari. Nikafika chini kabisa.

"Sasa lile lako, mama. Wewe mwenyewe ukoje?"

Akafungua mdomo kusema hajambo.  Badala yake akakaa chini pale pale kwenye udongo, na ndipo nilipotambua kwamba katika miezi yote ile sikuwahi kumwona amekaa ila siku ya mabenchi.

"Bega," akasema. "Tangu siku ile ya mtaro. Silali." Kisha akasema kwamba kila alipomnyanyua kule wodini aliogopa atamfia mikononi, na kwamba hofu ile imekataa kuondoka, na kwamba hajamwambia mtu kwa sababu mgonjwa alikuwa mwingine. Akalia, bila kujifunika uso.

Juu yetu jembe likanyamaza. Ndugu yake hakuifuata njia. Alikata moja kwa moja kwenye mteremko, anaruka matuta, udongo unaporomoka mbele yake, na fimbo ameiacha na maharage yake.

"Polepole!" dada yake akapiga kelele katikati ya machozi. "Mguu!"

Alifika, akachuchumaa mbele yake, mguu mmoja juu na mmoja chini, akaushika mkono wa dada yake wa kulia na kuunyanyua taratibu.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo."